Tairi Alizoziacha Mzee Masoud

Mzee Masoud ana miaka hamsini na tisa, na kati ya hiyo, ishirini na mbili ameimalizia Sydney akiendesha foklifti kwenye ghala moja la vigae pale Wetherill Park. Ni mtu wa Tanga, Chumbageni. Ana kanzu tatu, mke mmoja aitwaye Ruqayya, na Yaris moja nyeupe anayoiosha kila Jumapili utadhani Jumatatu inakuja kuposwa.

Ana pia binti mmoja, Afnan. Mwaka huu Afnan alichumbiwa na Saif, kijana wa watu wa Mombasa, mpishi wa hoteli moja huko juu milimani penye theluji, mwendo wa saa sita kutoka Sydney. Msimu wa theluji mpishi hapewi ruhusa hata ya kufiwa, sembuse ya kuoa. Ikakubaliwa ndoa ifungwe hukohuko hotelini, Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Sheikh atatoka Canberra.

Masoud hakubisha. Chakula wapike watu wa Saif, ukumbi wapambe wao, hata rangi ya maua hakuulizwa na hakuuliza. Alitaka jambo moja tu: kumwoza Afnan kwa mdomo wake mwenyewe, mkono wa Saif ukiwa ndani ya mkono wake. Kwao Tanga baba ndiye mwenye haki hiyo. Wapo wanaoshikwa na machozi wakamwachia sheikh aseme kwa niaba yao. Masoud aliwahi kuwacheka watu hao, na cheko lake si la siri.

Miezi miwili akafanya mazoezi juu ya foklifti. "Ewe Saif, nakuoza binti yangu Afnan..." huku anashusha shehena ya vigae. Kamande, Mkenya anayefanya naye zamu moja, alikuwa akimsikia.

"Mzee, hiyo mizigo ishakubali kuolewa," alimwambia siku moja. "Leta ingine."

Sasa, Sydney mtu anaweza kuzeeka, akastaafu na akazikwa bila gari lake kukanyaga theluji. Tairi za baridi ni habari za watu wengine. Lakini Saif alishapiga simu kusema kwamba gari dogo halipandi mlima ule bila minyororo ya tairi, na siku theluji ikizidi wanakagua njiani. Ndiyo maana wiki mbili kabla ya harusi, Masoud na Kamande walitoka kazini wakaenda gereji ya tairi iliyo nyuma ya ghala lao. Fundi pale ni Précieux, Mkongo wa Uvira, mtu ambaye akikuona unaegesha tu ameshajua tairi gani imekula upande.

Précieux aliingia stoo akatoka akiviringisha tairi nne nyembamba, mpira wake laini wenye mikato mingi, zimefungwa kwenye rimu nyeusi za chuma. Alikuwa ameuziwa na Mfaransa mmoja aliyekuwa akifundisha watu kuteleza kwenye theluji huko milimani, kabla hajarudi kwao.

"Papa Masoud, njo hizi," alisema. "Iko nyembamba, inakata neige, theluji ile, inafika chini kabisa. Na minyororo yake ni hii, inavaa bila shida."

Masoud alizitazama kama mtu aliyeletewa mchumba asiyeoga. Rimu moja ilikuwa na kutu mdomoni.

"Hizi ndizo za kwendea harusini?"

"Hizi njo za kufika," alisema Précieux.

Kamande akacheka. "Mzee, na hizo nyeusi utafika ukikaa kama jamaa wa kuleta mitungi ya gesi. Watakuelekeza mlango wa jikoni."

Masoud naye alicheka, lakini neno lile lilimwingia. Watu wa Saif walikuwa na Prado mbili. Kutakuwa na mpiga video, na mpiga video wa harusi za pwani, hata akiwa Australia, huanza na magari. Akajiona akishuka kwenye Yaris ya mitungi ya gesi, mbele ya wakwe. Macho yakamwenda ukutani, kwenye rimu za spoti za rangi ya fedha, inchi kumi na saba, zenye tairi pana na fupi, zinazong'aa hadi unaweza kunyolea ndevu.

"Zile zinaingia kwenye Yaris?"

"Zinaingia. Lakini, Papa, sikia mi." Précieux alifunga moja, akapiga magoti, akajaribu kupitisha vidole viwili kati ya tairi na shokapu. "Ona. Vidole haviingie. Mnyororo itapita wapi?"

"Minyororo ya nini? Nakwenda harusini, sikwendi jela. Hali ya hewa wamesema jua."

"Wamesema jua ya Sydney, Papa."

Masoud alichukua za fedha. Minyororo aliichukua pia, ili mtu asiseme hakujiandaa. Précieux alizirudisha zile nyeusi stoo polepole, akisemasema Kifaransa, na haikuwa dua.

Alhamisi ya wiki ya harusi Mzee Sabri, ami yake Saif, alipita na Prado kumchukua Ruqayya.

"Nafasi ipo, bwana Masoud. Omba ruhusa ya kesho, twende sote."

"Ahsante, ndugu yangu. Baba wa bibi harusi habebwi kama kifurushi."

Ruqayya alimtazama mumewe, akazitazama zile rimu, akafunga mlango wa Prado. Miaka thelathini ya ndoa humfundisha mtu kuhifadhi pumzi.

Ijumaa Masoud alimaliza zamu, akaendesha hadi Cooma, mji ulio chini ya milima, akalala hapo. Jumamosi asubuhi akavaa kanzu, koti na kofia yake ya viua, akaanza kupanda. Saa nne kasorobo akafika mahali magari yote yalikuwa yamesimamishwa. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya barabara, theluji inashuka kama unga. Mwanamke mmoja mwenye kizibao cha rangi ya chungwa alipita dirishani. Gari lisilovaa minyororo halipiti, akasema, akaenda gari la nyuma.

Masoud alipiga magoti na kanzu yake. Nusu saa alihangaika, vidole vimekufa ganzi. Tairi moja ilikubali nusu. Akawasha, akasogea hatua mbili, mnyororo ukagonga shokapu kwa kelele hadi watu wa magari mengine wakageuka kutazama. Yule mwanamke akarudi, akainama, akatikisa kichwa.

"Hizi hazitavaa, mzee. Nenda kaegeshe chini."

Akiwa bado amepiga magoti, kigari kimoja cha Suzuki, kikuukuu kuliko Yaris yake, rimu nyeusi za chuma, kilipita minyororo ikilia chaka-chaka, kikapotea kwenye ukungu. Dereva wake wala hakuwa mtu wa maana. Kijana tu mwenye nywele chafu, anakula andazi.

Simu ikaita. Afnan.

"Baba, uko wapi?"

Akamweleza. Ya rimu hakuyasema. Alisema ni theluji barabarani.

"Ami Sabri aje kukuchukua?"

"Kuja dakika arobaini, kurudi arobaini. Sheikh anaweza kungoja?"

Alisikia minong'ono, kisha sauti ya Ruqayya, kisha Afnan tena, taratibu. "Baba, sheikh lazima ashuke saa tano, wanasema barabara itafungwa. Anasema unaweza kuweka wakala, kwa simu. Ndoa inakuwa ileile. It's okay, Dad."

Masoud alitaka kusema iahirishwe. Aliliweka neno mdomoni kabisa. Kisha akamfikiria Afnan amekaa na hina yake, na ukumbi mzima unamtazama kwa sababu ya baba yake.

"Mpe Sabri simu," alisema.

Na pale kando ya barabara, amesimama kwenye theluji iliyomfika vifundoni, Masoud aliyatamka maneno ambayo hakuyafanyia mazoezi hata siku moja: "Ndugu Sabri, nimekuwakilisha umwoze binti yangu Afnan kwa Saif."

"Nimekubali, ndugu yangu. Usikate simu, utasikia."

Akaibana simu sikioni, sikio jingine akaliziba kwa kiganja. Alimsikia sheikh akisoma hotuba. Akamsikia Sabri akikohoa. "Ewe Saif, nakuoza..." Basi lilipita na minyororo yake, likazoa sauti yote, na lilipokwisha kupita simu ilikuwa kimya. Mtandao umekatika. Alipiga mara nne. Mara ya tano Afnan alipokea, nyuma yake vigelegele vinapanda na kushuka.

"Baba! Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Yote?"

"Yote. Sabri amesema vizuri sana."

Afnan alianza kulia, yeye akamwambia asiharibu wanja. Kisha akakaa ndani ya Yaris, mikono katikati ya mapaja ipate joto, akayasema maneno yale tangu mwanzo hadi mwisho, polepole, jina la Afnan akilitamka vizuri. Hapakuwa na mtu wa kusema amekubali. Mwanamke wa kizibao akagonga kioo, akamwonyesha kwa mkono mahali pa kugeuzia gari.