Kigoda cha Mzee Limbu

Naanza na aibu yenyewe ili mcheke mapema tuendelee: mimi ndiye yule mkwe aliyetoka kwa wakwe zake kule Sola, mchana kweupe, akiwa amevaa kanga ya mama mkwe. Wengine mmeshaisikia ikisimuliwa Bariadi na Maswa kwa namna mbalimbali (ipo hata ile ya kwamba nilikuwa nimelewa, na mimi pombe sinywi), kwa hiyo acheni niieleze mwenyewe, maana nilikuwepo.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Pamba imeanza kununuliwa na wafanyabiashara binafsi, madukani vitu vimejaa, pasipoti si kitu cha kuota tena, na mimi, mtoto wa kijijini Mwamapalala, kwa masomo kidogo na bahati nyingi nikajikuta Ujerumani katika kiwanda cha gundi. Siyo gundi ya bahasha. Hizi ni kemikali za kushikisha chuma na chuma, kioo na chuma, vipande vya mabehewa ya treni, vitu ambavyo kwetu fundi angevichomelea. Nyumbani nilisema nafanya utaalamu wa gundi, wakaelewa walivyopenda. Ukweli ni kwamba wenzangu walikuwa wanagandisha vipande viwili, halafu mimi navifunga kwenye mashine inayovuta huku na huku, natazama vinaachiana kwa nguvu kiasi gani. Kwa ufupi, nililipwa kubandua. Naomba mlikumbuke hilo.

Nikaja likizo kumposa Minza, mwalimu wa Bariadi, tuliyekuwa tumekubaliana siku nyingi. Mshenga wangu alikuwa mjomba Nkwabi, ambaye hajawahi kushindwa kwa maneno, na mimi nilivaa suti (watu walidhani nimeinunua Ulaya, kumbe nimeinunua mitumba hapo Bariadi, ingawa Ulaya ilikuwa imetoka kweli). Ndani ya mfuko wa koti nilitia tyubu mbili za gundi ya kiwandani, ile ambayo moja peke yake haifanyi kitu mpaka uichanganye na mwenzake. Nilizibeba za nini, mpaka leo sijui, labda nilitaka nionekane nina kazi.

Baba yake Minza, Mzee Limbu, alitusikiliza mpaka mwisho. Ng'ombe hakuwazungumzia kabisa. Akasema, "Mali mnayo, nimeona. Mimi nauliza kituo, mtu ametia nanga wapi. Mwanangu wa kwanza aliondoka hapa kwenda Afrika Kusini, akasema baba narudi. Mpaka leo. Sasa huyu kijana anataka aende na Minza huko kwake kwenye baridi. Nani atanirudishia mwanangu nimwone?"

Mjomba Nkwabi alianza methali moja, akaiacha njiani. Nilikuwa sijawahi kumwona akifanya hivyo, nikaogopa. Wazee wakaona afadhali tupumzike, wakaenda na Mzee kutazama zizi, wakaniacha peke yangu uani.

Pale ukutani palikuwa na kigoda cha mninga kilichopasuka katikati ya kikalio. Minza alishanieleza habari zake: kilikuwa cha babu yake, anakikalia mwenye mji peke yake, na tangu kipasuke kinamfinya mzee, kwa hiyo wageni wakija anakalia kiti cha kawaida na hapendi. Nikajiambia, kwa maneno tumekwama, acha niwaonyeshe kazi. Nikamwita kule zizini, "Baba, hiki nakiunga sasa hivi, hakitaachana tena."

"Kiache," akasema. "Kimezoea."

"Ni dakika chache tu, Baba."

Akanitazama. "Haya, mtaalamu."

Hapo ndipo ningeweza kukiacha. Badala yake nikachanganya gundi juu ya kipande cha gunzi, nikaijaza kwenye ufa, nikakizungushia kigoda kamba ya katani na kuikaza. Sasa ili pande mbili ziwe sawa panahitajika uzito juu. Kiwandani tunabana kwa jiliwa, kile chuma cha mezani cha kukaza kwa skrubu. Jiliwa haikuwepo, mawe yaliyokuwepo yalikuwa ya mafiga yenye masizi, nikaona uzito safi ulio karibu ni mimi mwenyewe. Nikakaa.

Gundi ile inakupa nusu saa ya kurekebisha. Lakini (na hili limeandikwa kwenye tyubu) hiyo nusu saa ni ya mahali penye ubaridi. Jua la Sola wakati wa kiangazi linaifanya iwe nyepesi kama maji, inapanda kwenye ufa kutafuta pa kutokea, na pa kutokea palikuwa suruali yangu, halafu kabla hujamaliza kujiuliza mbona huku chini pana moto, imeshakauka. Nilisikia ule moto. Nikadhani ni jua.

Wazee wakarudi, na wakati huohuo Mama Minza akatokea upande wa jikoni kuja kusalimia. Mnajua kwetu: mkwe wa kiume akimwona mama mkwe anainuka, anainamisha macho, anampisha njia. Hata asiyejua kingine chochote hilo analijua. Mimi nikainuka nusu, nikasikia kigoda kinainuka pamoja nami, nikarudi chini.

"Mwadila," akanisalimia, akiwa ameshaanza kusita.

"Mwadila, mama," nikajibu, nimekaa, juu ya kigoda cha mwenye mji, nikimtazama usoni kwa woga. Makosa matatu kwa pumzi moja.

Mjomba Nkwabi akaniambia chini chini, "Mpwa wangu, simama."

"Mjomba, siwezi."

"Unaumwa?"

"Nimeganda."

Nikasimama ili waone. Miguu mitatu ya kigoda ikawa inatazama nyuma kuelekea Bariadi. Mama Minza alishageuka zamani na kurudi nyuma ya jiko. Wanaume wawili wakanishika mabega, wawili wakashika kigoda, wakavuta, na katika watu wote waliokuwa pale mimi peke yangu ndiye niliyejua kwa hakika kwamba hakitatoka, maana ndiyo kazi niliyolipwa miaka mitatu, na mashine inayoweza iko Ujerumani. Nikawaambia. Hawakuniamini mpaka walipochoka. Niliona haya, jamani, haya ya kutamani kurudi hata leo kwenye theluji.

Sauti ya Mama Minza ikatoka nyuma ya jiko: "Ikateni hiyo suruali. Halafu mpeni kanga yangu iliyoko kwenye kamba, aende."

Wakaizungushia kisu, taratibu, wakiniambia nisitikisike. Kanga ilipofika nikajifunga haraka bila kusoma, na nilipogeuka kumwelekea mjomba nikasikia nyuma yangu kicheko cha kwanza cha siku ile. Maandishi yalikuwa yameangukia palepale: HUJUI KITU. Minza alikuwa mlangoni, hakucheka. (Baadaye aliniambia alikuwa ameuma upindo wa gauni lake.)

Mzee Limbu ndiye hakuwa na haraka. Aliketi kwenye kigoda chake, juu ya kile kipande cha suti, akajaribu huku, akajaribu kule. Hakikumfinya.

"Nilikuuliza kituo," akasema. "Kigoda cha baba yangu kimekushika, siyo mimi. Basi nenda na Minza. Lakini kitambaa chako kinabaki hapa. Siku utakayomleta mwanangu kunisalimia, utakibandua, kitakuwa chako."

Tukaoana. Kanga nilipeleka nyingine mpya, pamoja na ng'ombe wa faini kwa kumwaibisha mama mkwe, na nikachagua kwa makini isiyo na maneno makali. Tangu hapo kila likizo tunakwenda Sola, na kabla sijapewa hata maji Mzee anakitoa kigoda uani, majirani wanasogea, nami nainama kukibandua kile kitambaa kwa kucha. Hakitoki. Mwaka wa kwanza nilimweleza kitaalamu kwamba hakitatoka kamwe, labda mninga upasuke.

"Najua," akasema. "Si ulisema mwenyewe? Basi mtakuja tena mwakani."

Siku hizi nikiona kitu kimevunjika kwa watu nauliza kama kuna misumari, na nikikaribishwa kiti nakipapasa kwanza.