Siku Tuliyoombea Zege Bichi

Nitawasimulia, ila mkicheka chekeni kwa adabu, maana kuna sakafu moja huko St Marys, ughaibuni tunakoishi, iliyowahi kubeba chapa ya makalio yangu, na wanaume wawili wakasimama wakaitazama kama watu wanaosoma ramani. Mimi, mtu mzima, nesi wa kutunza wazee, mama wa watoto.

Yote yalianza na maringo. Tulipopata kiwanja, mkandarasi alitupa nafasi ya kuchagua zege la msingi, akatueleza kwamba simiti huchomwa kwenye tanuri kali na kutoa hewa chafu kuliko tunavyodhani, kwa hiyo kuna zege jingine lenye simiti kidogo, na pengo linajazwa unga wa mabaki ya viwanda vya chuma. Nikaokoka papo hapo (ndiyo, niliokoka, hakuna neno jingine). Mume wangu, Baba Tunu, hakutaka. Alisema zege la simiti kidogo ni uji, tukabishana mpaka akachoka, akaniambia sawa, lakini likiharibika usiniite. Mimi nikawa mhubiri wa zege kanisani, mtu akinisalimu tu namweleza habari za tanuri, na wengine wakaanza kupitia mlango wa nyuma.

Basi zege likamwagwa Ijumaa alasiri, mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio. Darren, msimamizi wa ujenzi, akanionya kwamba hili hukauka polepole, hasa kwenye baridi, mtu asilikanyage mpaka yeye mwenyewe aniambie. Nikaitikia vizuri kabisa. Shida ni kwamba nilikuwa nimeshawaalika akina mama wa kikundi chetu cha maombi waje Jumamosi asubuhi kuombea msingi, kwa sababu sisi hatusimamishi ukuta juu ya msingi usioombewa, na mpango wangu ulikuwa tusimame nje ya uzio, tuombe, tunywe chai ya chupa, twende nyumbani.

Kiongozi wetu ni Mama Neema, Mkongo wa Bukavu anayekaa Mount Druitt, mtaa wa jirani, mwanamke mwenye mwili na sauti ya kutosha. Alikuja na kitenge kipya, viatu vya visigino virefu na chupa ya mafuta ya zeituni ya kupaka msingi. Akautazama ule uzio, akanitazama mimi.

"Mama Tunu, msingi haiombewi kwa barabara, kama watu wanangojea basi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Lakini hebu fikirieni, wiki zote hizo nahubiri kwamba zege langu ni bora kuliko la watu wengine, halafu nisimame mbele ya akina mama wale wale niseme bado ni bichi? Na nyumbani Kisii mjomba wangu alimwaga zege jioni, asubuhi mbuzi wakapita juu yake bila kuzama. Tena kwa macho lilikuwa limekauka, kijivu safi, linapendeza. Nikasogeza uzio, nikasema limekauka, ingieni.

Mama Neema akatangulia, wengine wakabaki ukingoni wakianza wimbo. Alifika katikati, pale palipokuja kuwa sebule, akafumba macho, akainua chupa, akasimama tuli. Akasema inanikamata. Tukaitika amina. Akasema inanikamata miguu, tukaitika amina kubwa zaidi, na dada mmoja akaanza kulia kwa furaha, maana sote tulidhani Roho ameshuka mapema. Mama Neema akafumbua macho, akanitafuta.

"Mama Tunu, hii si Roho. Ni nyumba."

Nikakimbia kumwokoa (kosa la pili), nikamshika mikono, nikavuta, naye akachomoka kwenye viatu ghafla mno, mimi nikarudi nyuma nikaketi kwenye zege kwa uzito wangu wote, na mafuta yakamwagika kando yangu. Mzee mmoja Mzungu aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama akashuhudia mwanzo hadi mwisho, kisha akaniambia kwa upole sana kwamba amepiga ile namba ya msimamizi iliyo kwenye uzio.

Jamani, niliogopa. Niliona zege lote likivunjwa, likipakiwa kwenye lori kwenda kutupwa, likimwagwa jingine, yaani ile simiti niliyojisifu kuiokoa ikichomwa mara mbili kwa sababu yangu. Na Baba Tunu alishaniambia nisimwite. Nilikaa kwenye kibaraza cha jirani nikalia, huku akina mama wakiendelea kuomba, safari hii wakiwa barabarani, na sasa walikuwa na cha kuombea.

Darren akafika na mfanyakazi wake. Akaitazama chapa yangu, akaitazama sketi yangu, akairudia chapa. Kisha akachuchumaa, akabonyeza zege kwa kidole gumba, nami nikauliza kwa sauti iliyokauka kuliko zege lenyewe kama itabidi livunjwe.

Akasema hapana, zege la kawaida lingekuwa jiwe saa hizi, lakini hili ni la polepole, bado linasawazishika. (Lingekuwa la kawaida tusingezama, najua, msinikumbushe.) Wakang'oa viatu, wakakwangua mafuta, wakapitisha mashine ya kulainisha juu mpaka nikafutika. Kwa nafuu niliyosikia nikamkumbatia Darren, mtoto wa watu, nikamchafua shati.

Jioni nilimweleza Baba Tunu yote. Aliuliza jambo moja tu, kama limevunjwa. Nilipomwambia hapana, alivuta pumzi ndefu, kisha akacheka mpaka akashika ukuta, na wakati huo wote mimi nilishukuru kila sekunde ya kuchekwa.

Sasa tunaishi humo. Sakafu hatukuiwekea vigae, tuliing'arisha tu, na karibu na kochi kuna doa la mafuta lililokataa kutoka, ambalo Baba Tunu hataki kabisa lifunikwe na zulia. Juzi dada mmoja anayejenga alinialika tukaombee msingi wake. Nimemwambia nitakuja, tena kwa moyo wote, lakini mimi nitaombea barabarani, pamoja na wanaongojea basi.