Lenzi Aliyoing'arisha Kupita Kiasi

Saa mbili asubuhi, mbunifu wa lenzi ameinamia darubini, amevaa koti jeupe na kofia ya karatasi iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Kwa koleo jembamba anainua kipande cha plastiki kisichozidi punje ya dengu, chenye miguu miwili iliyopinda. Anakigeuza. Anakigeuza tena. Kisha anakitupa kwenye kopo la takataka.

"Ukingo," anasema bila kuinua kichwa. "Umepoteza ukali."

Wenzake humwita Milimita. Wanasema mkewe alipomwomba atundike picha moja ukutani, kazi hiyo ilimla Jumapili nzima. Zamani alikuwa akicheka nao. Siku hizi anatabasamu kwa adabu tu na kurudi kwenye darubini yake.

Kazi yake ni kubuni na kuchonga lenzi bandia zinazowekwa ndani ya jicho baada ya daktari kuondoa mtoto wa jicho. Operesheni yenyewe ni fupi, na wengi huanza kuona vizuri mapema. Balaa huja baadaye. Ndani ya kifuko inamokaa lenzi hubaki chembe hai ambazo daktari hawezi kuzimaliza zote. Hutambaa taratibu hadi nyuma ya lenzi, hutanda, na mgonjwa hurudi kwenye ukungu aliodhani ameshauaga.

"Ukingo wa nyuma ukiwa na kona kali, unabana kifuko na chembe zinakwama pale," anaeleza. "Ukiwa wa mviringo, zinapita kama zinaingia kwao."

Hayo aliyajua hata alipomchongea mama yake lenzi ya jicho la kulia. Kona ile kali aliichora mwenyewe. Alichosahau ni pipa.

Kila lenzi ikishachongwa huingizwa kwenye pipa dogo lenye shanga za kioo na maji ya kusugulia, likazunguka mpaka alama za kisu ziishe. Za wagonjwa wengine alizitoa kwa wakati wake. Ya mama yake aliirudisha.

"Nilitaka ing'ae kuliko zote. Ni mama yangu, bwana! Niliitazama nikaona bado, nikairudisha tena. Ilitoka nzuri mno, wenzangu wakanipigia makofi. Hakuna aliyekumbuka kuupima ukingo upya, na wa kwanza kusahau ni mimi."

Mama aliona. Alimwona mjukuu wake wa mwisho akijifunza kutambaa. Halafu ukungu ukaanza kutanda. Daktari akautoboa kwa mionzi ya leza, mwanga ukarudi, na wiki chache baadaye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikabanduka. Hutokea mara chache, lakini kwake ilitokea. Jicho la kulia likazimika kabisa.

Milimita alichonga lenzi nyingine kama ile, akaisugua vilevile, akaiweka chini ya darubini. Ukingo ulikuwa mviringo kama kokoto la mtoni.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema.

Daktari aliyempasua mama huyo anatikisa kichwa. "Hata lenzi bora hupata ukungu. Nimemwambia mpaka nimechoka. Hanisikii."

Sasa jicho la kushoto nalo limezibwa na mtoto wa jicho. Nyumbani, mama anakunja nguo za wajukuu kwa kupapasa. Soksi anazioanisha kwa vidole, na hakosei sana.

"Nani huyo?" anauliza.

"Mwandishi wa gazeti, Mama," mwanawe anamjibu.

"Mwambie akae basi, asinisimamie kama askari."

Anacheka peke yake, kisha uso unabadilika. "Na hili la pili nataka lenzi ya mwanangu. Sitaki ya mtu mwingine. Lile la kwanza liliharibika kwa bahati mbaya tu."

Mwanawe amesimama mlangoni. Habari ya pipa hajawahi kumwambia.

Wala lenzi mpya aliyoibuni baada ya hapo, yenye kona kali zaidi na muda mfupi zaidi pipani, haimpi moyo. Kati ya wagonjwa kumi wa mwanzo waliokubali kuwekewa, watatu wamerudi na ukungu. Mionzi iliwasaidia wote, lakini yeye kila akisikia mgonjwa amerudi, hali chakula siku hiyo.

"Nimeizeekea kazi hii," anasema. "Na kwa jicho la mwisho la mama yangu, siwezi kuiamini kazi ya mikono yangu."

Hivyo ameamua: mama atawekewa lenzi iliyotoka kiwanda cha mbali, naye ataachwa aamini ni ya mwanawe. Daktari amekubali shingo upande. "Akiniuliza, sitamdanganya," anasema. "Tena nimemwonya mwanawe asijipe matumaini makubwa. Jicho limesubiri sana."

Ni uamuzi unaouma kuutazama. Mtu ametoa ujana wake wote kwa kipande hicho cha plastiki, na leo anapishana nacho kama mgeni.

Aliruhusu simulizi hii ichapwe kwa sharti moja, kwamba itoke baada ya operesheni. Imefanyika jana. Gazeti likiingia mitamboni, mama bado amefungwa bandeji, na daktari hajasema lolote. Tulimpigia Milimita simu akiwa kwenye benchi la wodi, kumuuliza kama bado anataka tuandike yote, la pipa na la lenzi ya kununua. Je, mama yake akilisoma gazeti?



"Andikeni," alisema. "Akilisoma mwenyewe, kwa jicho lake, na aniite anitukane. Nitakaa chini nimsikilize mpaka amalize."