Mbishi Wake Yuko Mpakani

Mama mdogo wangu anashona sare za shule, na nakwambia kabisa hakuna mtu anayewasema wanasiasa kama yeye. Hawachambui kwa sera, anawachambua kwa nguo. Rais aliyepo anagombea tena, na tangu vita vianze huko mpakani amekuwa akipanda jukwaani na koti la kijeshi, basi mama mdogo akampa jina la Koti. Mpinzani wake huvaa shati jeupe lililokunjwa mikono mpaka viwikoni. Huyo akaitwa Shati Jeupe. Sasa hivi mtaa mzima unawaita hivyo, na wengi hawajui kwamba majina yenyewe yalizaliwa kwenye duka letu, katikati ya cherehani na meza ya kupigia pasi.

Mimi naishi kwake tangu nianze sekondari, yeye na mama yangu ni tumbo moja. Nikitoka shule nakaa kwenye stuli ya mlangoni, kazi yangu kushona vifungo na kukata nyuzi zinazoning'inia. Kazi nyingine hakunipa ila nimejipa mwenyewe, kusikiliza. Maana mama mdogo akishona anaongea na simu. Anaisimamisha, kaiegemeza kwenye kopo la vifungo, anabonyeza kile kimaiki na kukivuta juu ili kijifunge, halafu huyo anarudi kwenye pedali. Voisi zake zote zina cherehani kwa nyuma.

Anampelekea baba mdogo, mume wake. Baba mdogo ni dereva wa lori. Hajawahi kuwa mwanajeshi, hata foleni ya benki inamshinda kusimama, lakini jeshi lilipoishiwa madereva likamwita abebe chakula na mahema kupeleka mpakani. Akapewa magwanda, akapewa lori, akaenda.

Inabidi ujue walivyokuwa wakiishi hawa watu. Wengine wakipendana wanaitana majina matamu na kupigana picha. Hawa walibishana siasa. Taarifa ya habari ya jioni ikianza, baba mdogo anavuta kiti karibu na redio, mama mdogo anabaki kwenye cherehani, na kabla msomaji hajamaliza muhtasari wameshakamatana. Baba mdogo ni Koti damu damu. Mama mdogo sio kwamba ni wa Shati Jeupe kivile, ila akimkuta mumewe yuko upande huu, yeye anahamia ule. Baba mdogo akipandwa na mori anasimama mbele ya kioo cha wateja na kukihutubia. Mama mdogo anamwambia keti mheshimiwa, muda wako umekwisha. Chakula kinapoa, hakuna anayejali. Siku moja walibishana bei ya mafuta mpaka jirani yetu kinyozi akaja mbio na taulo begani akidhani watu wanauana, akamkuta baba mdogo anamlisha mkewe kipande cha mkate huku maneno yanaendelea.

Alipoondoka, ile redio ilikaa siku nyingi bila kuwashwa. Jioni moja mama mdogo akaiwasha, msomaji akasema sijui waziri kaahidi nini, mama mdogo akajibu kwa sauti, muongo mkubwa huyo. Kisha akageuka kuangalia kile kiti. Kilikuwa na vitambaa vya sketi juu yake. Mguu wake ulikaa kwenye pedali bila kuisukuma, halafu akachukua simu na kumwambia baba mdogo palepale alichotaka kumwambia kiti.

Ndo ikawa hivyo. Mwanzoni baba mdogo alikuwa anajibu, mtandao huko ni wa kubahatisha lakini akipanda mahali penye mnara anamwaga voisi ndefu za ubishi, na mama mdogo anashinda na furaha kutwa. Kisha uchaguzi ukaahirishwa kwa sababu ya vita, kisha wakasema utafanyika vita au bila vita, kampeni zikaanza, na majibu yakakoma. Tiki moja. Kila voisi tiki moja, imetoka kwake haijafika kwa baba mdogo, ukifungua unakuta safu nzima ya tiki moja moja zimepangana kama mshono wa mkono.

Mimi nikaona anajitesa. Nikamuuliza kwa nini asimwambie tu kwamba amemkumbuka.

"Nikimwambia nimemkumbuka atajibu nini?" akaniuliza. "Atasema hata mimi, yameisha. Nikimwambia Koti muongo, ana maneno ya wiki nzima."

Nikaendelea na vifungo vyangu.

Sasa ikaja Jumanne ile. Video ya mkutano wa Koti ilikuwa imeenea kila mahali, mama mdogo kaiangalia kwenye simu yangu huku anapinda sketi, na mdomo unamwasha. Akashika simu yake afungue jina la baba mdogo. Wakati kidole kiko hewani, mzazi mmoja akaandika kwenye grupu la wazazi wa sare, anauliza sketi ya mwanawe imefikia wapi. Si unajua grupu likiingia ujumbe linaruka juu? Likaruka, jina la baba mdogo likashuka, kidole kikatua kwenye wazazi. Mama mdogo hakuona, miwani alikuwa ameivua na macho yako kwenye sindano. Akabonyeza, akavuta, akaanza kushona na kusema.

"Sikia we mbishi. Leo nimemwona Koti wako anasema ushindi uko mlangoni. Hilo koti lake halijawahi kuloa. Mabega yamenyooka, kwapani hakuna hata doa, na mtu aliyetoka vitani kwapa lake linajulikana. Halafu usidhani yule wa shati nimemsahau. Amekunja mikono kama mtu wa kazi, lakini ile mikunjo imepigwa pasi. Mtu kakunja, kisha kapiga pasi. Anasema atakaa meza moja na adui vita viishe, meza ipo wapi hasemi. Na wote wawili, vijana wetu, vijana wetu. We una miaka arobaini na sita na mgongo mbovu, nani kakutaja?"

Hapo cherehani ikanyamaza. Nikainua kichwa. Mama mdogo alikuwa ameshika gurudumu kwa kiganja, anaangalia ile simu.

"Nimechoka kushinda," akasema taratibu. "Kila jioni nashinda mimi, hakuna wa kunibishia. Rudi unishinde hata mara moja."

Akatuma.

Tiki mbili zikatokea hapohapo. Yani ungemwona. Alisimama mpaka stuli ikaanguka, kaishika simu kwa mikono miwili kama kitoto cha ndege, akaniambia zimeingia, njoo uone, zimeingia. Nilifika nikiwa nacheka. Mimi ndo niliyesoma jina la juu. Nikamwambia polepole kwamba hapa ni kwa wazazi, mama mdogo, siyo kwake.

Akainua stuli, akakaa. Mashavu yaliyokuwa yamejaa furaha yakashuka kabisa. Baadaye ndo akaniambia nifute, nikafuta, lakini wapi, wazazi walishaisikia na kuitoa nje ya grupu.

Kufika kesho yake mchana voisi imezagaa. Ipo saluni, ipo sokoni, kwa kinyozi inapigwa kwa spika. Wanacheka sana pale kwenye kwapa, wengine wanairudisha wacheke tena, lakini ikifika kwenye rudi unishinde watu wananyamaza. Nilimwona mteja wa kinyozi, mtu mzima, nusu ya kidevu imenyolewa, anajifuta macho na lile taulo. Wanawake wakawa wanapita dukani bila kitambaa chochote cha kushona. Wanasimama tu mlangoni, wanamwambia fundi pole, wangu naye yuko huko.

Wageni wengine hawakuja na pole. Alikuja kaka mmoja wa kampeni ya Koti, mpole, suti inambana, akasema lingekuwa jambo jema fundi akirekodi nyingine aseme alikuwa anatania. Akaja dada wa Shati Jeupe, mchangamfu huyo, akitaka mama mdogo apande jukwaani Jumamosi aseme ile sehemu ya koti, ila ile ya pasi aiache. Wote wawili walipata jibu moja.

"Mimi sikuwa naongea na nyinyi. Nilikuwa naongea na mume wangu."

Aliyemweza ni mwalimu mkuu. Alipiga simu kwa heshima zote, akamwambia shule ni ya serikali, kuna watu wanauliza uliza, bora fundi akae kimya mpaka uchaguzi upite, la sivyo sare za mwaka huu zitakwenda kwa fundi mwingine. Mama mdogo akasema sawa mwalimu. Alisema haraka mno, nikashangaa, siyo kawaida yake.

Na alinyamaza kweli. Kumbe alinyamaza hata kwa baba mdogo. Nikamwambia mwalimu kakataza grupu, hajakataza mumeo, mtumie. Akasema zile tiki moja moja zimemtosha, amechoka kuongea na ukuta. Siku zikapita hivyo. Koti na Shati Jeupe wakafanya mdahalo redioni, mtaa mzima unasikiliza, sisi tumezima. Mama mdogo anashona kichwa chini. Nilimkuta mara moja kasimama nyuma ya kile kiti cha baba mdogo, kashika futi ya kupimia, anapima upana wa mgongo wa kiti. Aliponiona akajitia anatafuta chaki.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, mchana, akaingia mama mapacha. Ni mmoja wa wazazi wa lile grupu, kaka yake ni askari huko huko mpakani. Aliingia anahema juu juu, hata salamu hakumaliza. Akasema, fundi, hebu nisikilizie huyu ni nani. Kwenye simu yake kulikuwa na voisi yenye kile kialama cha kusambazwa mara nyingi. Akabonyeza.

Kwanza injini inanguruma, wanaume wanacheka, mmoja anasema mpe mpe. Halafu sauti ikaja.

"Nyamazeni, huyo mwanamke ni wangu, acheni nimjibu. We fundi. Kwanza, koti la maana haliloi, si we mwenyewe ndo uliyenifundisha? Pili, mtu asiyeweza kukunja mikono bila pasi, vita atavikunja na nini? Tatu." Hapo akakohoa. "Tatu nitakwambia. Na asante sana, kambi nzima sasa inajua nina mgongo mbovu."

Wanaume wakaangua kicheko, ikakatika.

Mama mdogo alinyoosha mkono. Hakuiweka kwenye spika tena, aliibana sikioni, akafumba macho, akairudia. Akairudia tena. Mimi na mama mapacha tumesimama kama wateja wanaosubiri. Alipofumbua macho yalikuwa mekundu lakini mdomo unacheka upande mmoja.

"Amekonda," akasema.

Nikamuuliza amejuaje, maana hiyo ni sauti tu.

"Sauti inampwaya."

Kisha akamuuliza mama mapacha, hii karekodi lini. Mama mapacha hakujua. Kaka yake kaitoa kwa mwenzake, mwenzake kaitoa kwa madereva, imepita simu nyingi, inaweza kuwa ya jana au ya juzi au ya zamani kidogo. Mama mdogo akakaa kwenye cherehani, vidole vinapapasa kile kitambaa bila kukishona. Nilimwona anahesabu kimoyomoyo.

"Anajibu la koti," akasema. "La koti nilisema Jumanne ile. Basi baada ya Jumanne ile alikuwepo, na alikuwa anacheka." Akakikunja kile kitambaa. "Baada ya hapo sijui."

Mama mapacha akamwambia atakuwepo tu, asiwe na wasiwasi.

"Tangu hapo sijamwambia kitu," mama mdogo akaendelea, kama hakumsikia. "Koti na mwenzake wamebishana redioni, nimezima. Angenijibu la mdahalo, ningejua siku ya mdahalo alikuwepo. Nimekaa kimya na kazi zangu, na yeye hana la kunijibu."

Akavuta simu yake. Nikajua anachotaka kufanya, nikamkumbusha kuhusu mwalimu mkuu na sare. Sare ndo ugali wetu na ada yangu, siwezi kujifanya sikuogopa. Akaniangalia, siyo kwa hasira.

"Tutashona magauni. Watu hawaachi kuvaa," akasema. "Huko kwake voisi zangu hazifiki. Za watu zinafika. Kila siku nitamwambia la siku hiyo. Akija kunijibu la Ijumaa, nitajua Ijumaa alikuwepo."

Mama mapacha aliweka mkoba chini, akatoa simu yake tayari kusambaza. Mama mdogo akavaa miwani. Akatafuta lile grupu la wazazi, akalisoma jina herufi kwa herufi ili asikosee aangukie kwa baba mdogo, ambako ni tiki moja. Akaniuliza mimi mwenye simu mkononi muda wote, hebu niambie haraka, hawa mabwana wamefanya nini leo.

Nikapekua. Nikamwambia Koti kafungua daraja ambalo upande wa pili halijafika, na Shati Jeupe mvua imemnyeshea jukwaani, kakataa mwavuli. Akatikisa kichwa, nikaona kitu kinaanza kumchemka mdomoni kama zamani.

Akabonyeza, hakukivuta kile kimaiki, alikishikilia kwa kidole gumba. Akasogeza mdomo karibu kabisa.

"We mbishi," akasema. "Leo ni Ijumaa."