Mlio Uliofunikwa Olubugo

Adventina wa Kaagya hakuwahi kuomba kukumbushwa neno. Shule aliishia darasa la nne, lakini kaburi lipi ni la nani katika kibanja kile, na nani aliusogeza mpaka mwaka wa njaa, hayo aliyabeba peke yake tangu mumewe afariki. Sasa koo lilikuwa limevimba, safari ya hospitali imepangwa, na daktari alisema bila kuzunguka: uhai upo, sauti hana hakika nayo.

"Basi tuiweke sauti kabla hawajaigusa," alisema Aroni, kitindamimba wake. Aroni aliendesha bodaboda Kashai, na Jumapili alipiga kinanda kanisani. Alikuwa na kipaza sauti cha kwaya na kompyuta kuukuu ya mezani.

Shida ilikuwa hiyo kompyuta. Adventina alianza vizuri, "Hapa karibu na mlango amelala Byarugaba, aliyekuja na ng'ombe mmoja." Waliporudia kusikiliza, mngurumo ulikuwa umempanda Byarugaba kifuani.

"Anayekoroma ni nani?"

"Ni diski, mama. Ndiyo ghala lenyewe, linazunguka humo ndani na kutetemesha bati lote."

"Ukienda kuoa, usichague hivyo."

Aroni alikikataa kipande kile. Akakitia kwenye flashi, akampa dada yake Hellen, aliyeolewa Muleba, akamwulize fundi wa huko dawa ya mngurumo ule. Yeye mwenyewe hakungoja jibu. Alikaza skrubu zote, mngurumo ukabaki. Akaweka sponji ya godoro chini ya kasha, ukapungua kidogo. Mwishowe akachana mpira wa ndani wa tairi la pikipiki vipande vyembamba, akaifungua diski mahali pake, akaining'iniza kwa mipira ile isiguse bati upande wowote. Alipowasha, mashine ilihema tu, kama mtoto aliyeshiba.

"Waitu!" Adventina alisema, na hakuwa mtu wa kusifu ovyo.

Kuanzia hapo alizungumza kila asubuhi baada ya uji. Alitaja waliozaa na waliokufa bila kuzaa, na jina la kila mmoja aliliita jinsi alivyoitwa akiwa hai, kwa sababu jina la Kihaya ukilikosea kuliita, umemwita jirani.

Ndipo ukaja mlio mwingine. Tik, tik, kama ukucha juu ya bakuli. Aroni akabadilika uso.

"Ule wa kwanza ulikuwa wa bati. Huu ni wa diski yenyewe, inaumwa. Laiti ningetoa nakala kabla sijaigusa! Nakimbilia Kashai nikatafute flashi kubwa. Usiizime, mama. Ikizimwa, huenda isiamke."

Alasiri ile wanawake wa kanisa walikuwa wanakuja kumwombea. Nyasi mpya zilikwisha kutandikwa sebuleni, na pale kwenye kona kile kitu kinagonga tu. Adventina aliona haya. Wageni waombe, na nyumba yake iwajibu tik, tik? Hakuambiwa asiifunike, aliambiwa asiizime. Akaizungushia majani makavu ya mgomba, akayashindilia vizuri, juu yake akatandika olubugo la baba mkwe, lile gome lililopondwa likawa nguo, ambalo halikutolewa kabatini ila kwa jambo zito. Mlio ukafifia. Wageni wakaimba, wakaomba, wakanywa chai, wakaaga.

Aroni aliporudi, alisimama mlangoni.

"Mama. Umevundika ndizi?"

Hapo Adventina akaelewa. Yeye, aliyevundika ndizi za pombe miaka yote, aliyejua kwa kiganja joto linavyopanda chini ya majani! Aroni alifunua. Kasha lilikuwa la moto. Diski ikakwaruza, ikakwaruza tena, ikanyamaza. Hakumgombeza mama yake. Afadhali angemgombeza.

Kesho yake Hellen akaja kumsindikiza mama hospitali, na ile flashi mkobani. Kilichokuwemo ni Byarugaba na mngurumo wake, basi.

"Sema tena, mama," Aroni alisihi. Lakini maneno ya wiki nzima yalikuwa yamelikwangua koo, na sauti ikatoka kama maji kwenye bomba lililoziba.

Adventina akachukua panga, akakata vijiti vya mlamula, ule mmea wa mipaka, akamshika Hellen mkono wakaingia migombani. Kila kaburi alichomeka kijiti na kumnong'oneza binti yake jina. Hellen akalirudia kwa sauti. Akikosea, mama alimfinya mkono, naye akaanza upya. Aroni aliwafuata nyuma akitamka chini kwa chini.

Mwisho, kwenye bonde la kahawa, penye vilima viwili vidogo sana, vya watoto wachanga, Adventina alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Akajaribu tena.

"Ni nani hawa, mama?" Hellen aliuliza.

Akachomeka vijiti viwili. Kisha akauweka mkono wa Hellen juu ya koo lake na kuyaita majina yote mawili polepole, moja baada ya jingine, ili binti ayashike kwa kiganja.