Nilipofagia Ardhi ya Wifi

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, niliamka nikashika ufagio nikiwa na roho mbaya. Wivu ule ulikuwa wangu mwenyewe, shetani simsingizii.

Tulikaa Michenga, upande wa mwinuko ambako mafuriko hayafiki. Ng'ombe walipakanyaga miaka mingi, majani yakaisha, mvua ikawa inaondoka na udongo. Wifi yangu Salome, mke wa kaka, akapewa kipande kimoja kibovu cha hapo, nyuma ya nyumba yake. Mwenzangu hakulima. Alikizungushia miiba, akaenda kichakani kubandua ule utando mweusi unaoota juu ya udongo usiokanyagwa, akauvunjavunja, akautawanya pale, kila jioni akawa anaunyunyizia maji. "Wifi anapanda uchafu," nilisema kisimani, nikacheka kuliko wote.

Msimu wa tatu ardhi ikashika. Utando ulitanda kama ukoko wa wali, maji hayakuuburuta tena udongo, majani yakachipua. Bwana shamba akaja na baiskeli kutoka Ifakara kumwomba awafundishe wengine. Mama yangu mzazi naye, kila mgeni akija, anampeleka kwa Salome. Mimi binti yake hata jina langu halitaji. Iliniuma, nakwambia.

Kisha Salome akafiwa na baba yake huko Malinyi. Kwetu, mtu akienda msibani, jirani humfagilia uwanja asije akakuta uchafu. Nikafagia uwanja, nikafika kwenye miiba, nikaitoa, nikaendelea. Nilijua ninachofanya. Nilifagia mpaka udongo ukabaki mtupu, na palipogoma nikakwangua kwa jembe. Wiki ileile mvua ikanyesha, ikachimba mfereji katikati.

Salome aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye ule mfereji, kanga ya msiba bado kichwani. Nikamuwahi, "Nilikufagilia, wifi, usikute uchafu."

"Asante, wifi," akasema taratibu. "Hukujua."

Watu waliokuja kumpa pole walikuwa wanasikiliza. Nikajibu, "Sikujua."

Alianza upya, na safari hii akaniita nimsaidie. Akanifundisha kila kitu bila kinyongo, kwa kuwa aliniamini. Malaria ikamchukua kabla ardhi haijashika tena. Nilimalizia mimi kazi ile, ikapona, na watu wakanisifu kwa kumkumbuka wifi yangu. Sifa hizo hazijanipa usingizi hata siku moja.

Basi sikia, mwanangu. Ule utando ndio ngozi ya ardhi, usiufagie wala usiukanyage. Na ukimwonea mwenzio wivu, mwendee mapema, umwambie, "Nifundishe." Utaona aibu kidogo, itapita. Ukishamwumiza, usingoje.

Mungu akupe moyo wa kufurahia shamba la mwenzio, na akupe ulimi wa kusema "nilijua" wakati uliyemwumiza bado yu hai kukusikia.