Sahani Yangu Mbele ya Baraza la Nidhamu

Hii habari siisimulii kwa kupenda. Naisimulia kwa sababu nisipoisema mimi wataisema wengine, na wale wanaongeza chumvi (kuna mmoja anadai eti nilizimia, sikuzimia, nilikaa tu chini kwa ghafula, na hilo ni jambo lingine kabisa).

Basi, nilikuwa mwaka wa pili kwenye chuo cha ualimu hapa Kindu, enzi za Zaire, wakati hakukuwa na bwana wala bibi, sote tulikuwa "citoyen" na "citoyenne", yaani raia, na kila Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo: unabeba jembe, unakata majani ya barabarani, unazibua mifereji, kwa lazima, uwe mwanafunzi uwe profesa (maprofesa, kusema kweli, walikuja kutuangalia tu). Chuo kilikuwa kimetugawia kijitabu cha haki na wajibu wa mwanafunzi. Sehemu ya haki niliijua yote, ningeweza kukusomea huku naoga. Sehemu ya wajibu nilikuwa nimeiwekea likizo.

Haki niliyoipenda kupita zote ilikuwa ile inayosema mwanafunzi akiitwa mbele ya baraza la nidhamu anaweza kusemewa na mwenzake. Niliiona kama imeandikwa kwa ajili yangu. Sauti nilikuwa nayo, Kifaransa nilikuwa nacho, kilichokosekana ni mtu wa kusemea tu.

Mtu huyo akapatikana: Lukusa, rafiki yangu, kijana mpole wa Lubutu, wa kwanza katika nyumba yao yote kufika shule kubwa kama hii. Jumamosi moja jino lilimshika katikati ya salongo, akaacha jembe palepale, hakumuaga mtu, akakimbilia hospitali, wakaling'oa. Kurudi, akapita mtaa wa Kasuku mbele ya baa ya Mama Feza, muziki unalia barazani, na mlevi mmoja mwenye furaha nyingi akamkamata kiunoni akamchezesha. Na ndiyo saa hiyohiyo profesa wetu mmoja alikuwa anapita na baiskeli yake. (Utaniuliza mimi habari hizi nilizijua wapi. Ngoja kidogo.)

Jumatatu Lukusa akaitwa: citoyen fulani ametoroka salongo akaenda kulewa na kucheza. Usifikiri lilikuwa jambo dogo. Salongo ilikuwa kazi ya chama, na chama njo kilikuwa serikali ("njo" ni "ndiyo" yetu ya huku), na watu walifukuzwa shule kwa makosa madogo kuliko hayo. Naye maskini hakuweza hata kujieleza, shavu lilikuwa limevimba kama ameficha pera ndani; ukimuuliza neno anajibu "mmh" na machozi yanatoka.

"Usiogope," nikamwambia, "nitakusemea mimi."

Neno hilo moja njo lilizaa mengine yote. Maana kama ningemsemea na kunyamaza, ingekuwa afadhali, lakini nilifika nyumbani nikamwambia mama. Mama alikuwa anauza samaki soko la Kasuku. Ukimwambia mama yangu jambo asubuhi, jioni linajulikana mpaka Kailo. Siku ya baraza alikuja amevaa kitenge chake cha sikukuu, na nyuma yake wamama wa soko karibu wote, wamekuja kumwangalia mtoto wa mwenzao akisema kama wakili. Mimi nilikuwa nimeazima abacost, koti la heshima la enzi zile, ya mjomba wangu aliyefanya kazi reli, mtu mnene sana, mikono ya koti ikanifunika vidole vyote, nikiinua mkono inapepea kama bendera. Nilijiona mzuri, nisikudanganye.

Ukumbi ulijaa. Wakubwa wa baraza wamekaa mbele nyuma ya meza ndefu, katikati yao Katibu wa masomo, mzee mwenye miwani mizito, na pembeni yule profesa wa baiskeli. Nikaanza kwa Kifaransa, kifungu hiki, kifungu kile, haki ya mgonjwa, haki ya kusikilizwa, nikawa nazunguka mbele yao na koti langu. Wamama hawakuelewa neno lakini walikuwa wanaitikia "eee!" kila nilipopumua.

Katibu akainua mkono. "Citoyen Rajabu, tuseme Kiswahili, wamama hawa nao wasikie."

Nikafurahi! Sikujua kama ameniandalia shimo (na mpaka leo sijui kama alikusudia).

"Kijitabu tunakijua," akaendelea, "sisi njo tulikiandika. Ya hospitali nayo tumekubali. Profesa anasema alimuona huyu anacheza. Wewe unasema alivutwa kwa nguvu. Nani aliona kama alivutwa?"

Hapo mtu mwenye akili angesema, naomba baraza litafute mashahidi, akakaa. Lakini mama yuko kule nyuma, koti linapepea, ukumbi mzima unaningoja mimi, na maneno yalikuwa yanakuja yenyewe.

"Citoyen Katibu, aliona kila mutu mwenye macho! Lukusa alikuwa anapita zake, ameshika shavu lake, hana habari na mutu. Yule mulevi akatoka ku meza ya pembeni, akamukamata kiuno. Lukusa akalia 'jino, jino!' Akashika nguzo, akavutwa, akashika kiti, akavutwa, akashika meza, meza ikalala, sahani ya samaki ikamwangika yote chini..."

"Sahani ya nani?"

"Yangu, Citoyen Katibu."

Ndugu zangu, nilisikia neno lile linatoka kinywani mwangu, nikalitazama linavyokwenda, na hakukuwa na njia ya kulirudisha. Katibu akavua miwani, akaifuta polepole, akaivaa tena.

"Na sahani yako ilikuwa inafanya nini kwa Mama Feza saa ya salongo?"

Nikamtazama Lukusa. Ameshika shavu, macho yananiangalia bila kupepesa. Nilijua ningeweza kusema nimekosea, nilisikia tu kwa watu, na mimi ningepona. Ila yeye angefunga godoro lake na kurudi Lubutu kumwambia baba yake kwamba shule imekwisha.

"Nilikuwa nakula, Citoyen Katibu. Nilitoka salongo kidogo tu kunywa maji, nikakaa. Lakini Lukusa hakunywa hata tone. Hilo niliona vizuri sana, kwa sababu yeye alikuwa anapita, mimi njo nilikuwa nimekaa."

Profesa wa baiskeli akaruka kwenye kiti. "Basi ni wewe uliyekuwa unapiga makofi!"

Ni kweli, nilikuwa napiga makofi (wimbo ulikuwa mzuri). Na kabla sijatafuta jibu, nikasikia kule nyuma sauti inayojulikana Kasuku nzima.

"Rajabu!"

Mama alikuwa amesimama. Lazima nieleze hapa kwamba ile Jumamosi nilirudi nyumbani nimepinda kama mzee, nikimwambia salongo imenivunja, naye kwa huruma alinikanda na mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, kisha akachinja kuku wake aliyekuwa bado anataga.

"Ule mugongo yenye nilikukanda," akasema, "kumbe ulivunjwa na kiti? Na kuku yangu je? Kuku yangu alikufa sababu ya nini?"

Ukumbi ukalipuka. Wamama wa soko walikuwa wanashikana mabega wasianguke, wanafunzi wanapiga meza, hata yule profesa alifunika uso kwa faili. Nikageuka kumpungia mama mkono, kumwomba, mama tafadhali, siyo hapa, na mkono wa koti la mjomba ukapita juu ya meza ya baraza, ukachukua jagi la maji, ukalimwaga lote kwenye magoti ya Katibu. Nikarudi nyuma kwa woga nikae kwenye kiti changu, kumbe kiti nilikuwa nimekisukuma mbali wakati wa kuzunguka na vifungu vyangu. Nikakaa chini, kwenye saruji, puu. (Hapo njo wanaposema nilizimia.)

Katibu alisimama akikung'uta suruali, na niliapa anatufukuza wote wawili. Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na baadaye nilielewa kwamba anacheka. Lukusa akasamehewa, akaambiwa siku nyingine akiugua amuage msimamizi. Mimi nikapewa kiwanja cha mpira, nikikate chote na jembe, peke yangu, kila alasiri, mpaka nikimalize. Majani ya Maniema mnayajua. Unakata mbele, nyuma yanaota. Na njia ya wasichana kwenda bwenini ilipita palepale, wakawa wananisalimu kwa adabu kubwa, "Citoyen Wakili, hamjambo?" Nyumbani nako nilikula wali na sombe, majani ya muhogo, muda mrefu sana, na nikiuliza kama hakuna kitoweo kingine, mama ananijibu bila hata kugeuka, "Kuku iko ku salongo."

Alasiri moja Lukusa alikuja kiwanjani, shavu limepoa, ana jembe lake begani. Akaanza kukata upande wa pili. Tulipokutana katikati akajifuta jasho.

"Aksanti, ndugu yangu," akasema. "Kweli, uliniokoa. Lakini siku ingine, hata kama nimevimba mudomo wote, acha nijisemee."

Nilimaliza chuo, nikawa mwalimu, na kijitabu kile nilikuja kukisoma chote, mpaka ukurasa wa mwisho, na wajibu wake wote. Haki ya kusemewa naiheshimu mpaka leo. Mwanafunzi wangu akiitwa namtafutia mtu mzuri wa kumsemea. Ila mtu huyo hatakuwa mimi. Na kama siku moja italazimika kabisa, hakuna mwingine, basi nitakwenda, nitasema maneno machache, nitakaa. Mama ataambiwa kesho yake.